Dawa ya Mfupa na Shingo Zilizovimba

Tarehe 1 Julai 2008, FDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba nchini Marekani, iliwatolea tahadhari madaktari wa nchi hiyo. Katika miaka minne ilikuwa imepokea taarifa zisizopungua 38 za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za shingo, wakapatwa na madhara. Shingo zilivimba, koo likabana, wengine wakashindwa kumeza, wengine kupumua. Wapo waliowekewa mpira wa kupumulia, na wapo waliorudishwa chumba cha upasuaji. Mara nyingi uvimbe huo ulianza kati ya siku ya 2 na ya 14, wakati ambao mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa ameshapewa ruhusa, yuko kitandani kwake, na walio karibu naye ni mwenzi wake na watoto tu.

Dawa waliyowekewa shingoni ilikuwa protini ambayo kila binadamu anayo mifupani mwake. Ng'ombe anayo, kuku anayo. Ndiyo inayouamuru mwili ujenge mfupa. Wagonjwa wale waliwekewa kitu cha asili kabisa, na kikakaribia kuwaua.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinatuhusu. Nairobi na Dar es Salaam siku hizi zipo kliniki zinazotoa sindano za plazima iliyotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, na watu wenye mifupa iliyogoma kuunga wameanza kuziulizia. Ukisikiliza mazungumzo yao utasikia hoja moja ikirudiwa: hiyo ni damu yako, imetoka mwilini mwako, haiwezi kukudhuru. Hoja hiyo inanitia hofu kuliko sindano yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyowapumbaza wasomi wa Marekani.

Tuanze na mfupa wenyewe. Muundi ukivunjika, mishipa midogo iliyomo ndani yake nayo hukatika. Damu humwagika katikati ya vipande viwili, hujaa, kisha huganda. Kwa macho ya kawaida lile bonge jeusi ni uchafu. Lakini ndani yake chembe sahani za damu zinapasuka na kumwaga viashiria vinavyoita seli nyingine. Nyuzinyuzi za damu iliyoganda hufanya wavu ambao seli hizo zitaukwea. Chembe nyeupe hufika mapema kusafisha mabaki, kisha huja seli shina kutoka kwenye uboho na kwenye ngozi nyembamba inayoufunika mfupa. Baada ya wiki kadhaa pengo hujazwa gegedu laini, gegedu hugeuka mfupa mchanga, na huo nao hukomaa taratibu kwa miezi. Ngozi ikikatika huacha kovu. Mfupa ukipona vizuri hurudi kuwa mfupa uleule, na picha ya eksirei ya miaka kadhaa baadaye inaweza isioneshe kwa urahisi mahali ulipovunjikia.

Mwaka 1990 watafiti wa Japani walichukua bonge la damu kutoka kwenye paja la panya lililovunjika, wakalihamishia mahali pengine mwilini. Bonge lililokwisha kukaa siku nne tangu kuvunjika lilitengeneza mfupa mpya huko lilikopelekwa. Mwaka 1993 watafiti wa Norway walifanya kinyume chake: waliiondoa damu hiyo kwenye mfupa wa panya uliovunjika, na mfupa ulipounga ulikuwa dhaifu kuliko wa panya walioachiwa damu yao. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba majimaji ya mwili huponya mfupa. Jambo la kuangalia ni jinsi mwili unavyoyatumia: humwaga kidogo, mahali pamoja, kwa zamu. Kiashiria cha siku ya kwanza hakitakiwi siku ya ishirini. Ishara ya kuanza kazi ikitolewa, hufuatiwa na ishara ya kuisimamisha. Kwa hakika mwili unaweka nguvu nyingi katika kuzuia mfupa usiote ovyo kama unavyoweka katika kuuotesha.

Huko ndiko kisa kinakoanzia. Mwaka 1965 Marshall Urist, mpasuaji wa mifupa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha katika jarida la Science habari iliyowashangaza wenzake. Alikuwa amechukua vipande vya mfupa na kuviloweka katika asidi ya haidrokloriki mpaka madini yote ya chokaa yakayeyuka, ukabaki mwili laini unaokunjika. Vipande hivyo alivipandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Baada ya wiki kadhaa, katikati ya nyama ambamo hapajawahi kuwa na mfupa, uliota mfupa hai wenye uboho wake. Kulikuwa na kitu mle kinachoziamuru seli za kawaida zigeuke wajenzi wa mfupa. Baadaye Urist aliita kitu hicho protini ya kuunda mfupa, nayo hujulikana kwa kifupi chake, BMP.

Ningependa msomaji akae kidogo na jaribio hilo. Watu walilisoma kama habari njema, na lilikuwa habari njema. Lakini onyo lilikuwamo humohumo: protini ile iliotesha mfupa ndani ya msuli. Haikuuliza kama pale panafaa. Mtu yeyote ambaye angeiweka karibu na neva, au karibu na koo, alikuwa ameshaambiwa tangu mwaka 1965 kinachoweza kutokea.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kikwazo kilikuwa wingi. Mfupa huwa na protini hiyo kwa vipimo vidogo mno, na wanasayansi walilazimika kusaga mifupa mingi ya ng'ombe ili wapate chembe ya kupimia tu. Mwaka 1988 watafiti wa kampuni ya Genetics Institute huko Massachusetts walitangaza kwamba wamezipata jeni zake. Tangu hapo iliwezekana kuipandikiza jeni ya binadamu ndani ya seli za mnyama zinazokuzwa maabara, nazo zikazalisha protini hiyo kiwandani kwa wingi unaotakiwa. Kitu ambacho mwili ulikigawa kwa ubahili mkubwa sasa kiliweza kujazwa kwenye chupa.

Bidhaa iliyotokana na hayo iliuzwa na kampuni ya Medtronic kwa jina la Infuse. FDA iliiidhinisha mwaka 2002 kwa kazi moja mahususi: kuunganisha pingili za kiunoni kwa upasuaji unaopitia tumboni, protini ikiwa ndani ya kizimba cha chuma kinachokaa katikati ya pingili. Katika pakiti mlikuwa na unga wa protini, maji ya kuuyeyushia, na sifongo nyeupe iliyotengenezwa kwa kano za ng'ombe. Muuguzi aliuchanganya unga, akayanyunyiza majimaji juu ya sifongo, kisha akasubiri dakika zisizopungua 15 ili protini ing'ang'anie kwenye nyuzi. Kila mililita moja ilikuwa na miligramu 1.5 za protini, na pakiti kubwa ilibeba miligramu 12. Kipimo hicho ni kikubwa mara nyingi mno kuliko kile ambacho mfupa wenyewe hukitoa unapojitibu. Sifongo nayo ikibanwa hutoa maji, na majimaji yakishatoka hayana mpaka: hufuata nafasi iliyo wazi, iwe ni kwenye neva au kwenye nyama laini za koo.

Haki itendeke, maana wako waliosaidika. Mwaka huohuo wa 2002 lilichapishwa jaribio la watu 450 waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi, mfupa umetoboa ngozi. Aliyetangulia katika orodha ya waandishi wake alikuwa Profesa Shunmugam Govender wa Durban, Afrika Kusini. Wagonjwa wote waliwekewa chuma ndani ya mfupa. Baadhi yao waliongezewa sifongo yenye protini. Waliopata kipimo cha miligramu 1.5 kwa mililita, hatari yao ya kurudishwa kwa upasuaji mwingine kwa sababu mfupa haukuunga ilipungua kwa asilimia 44. Kwa yeyote aliyewahi kuingia wodi ya mifupa iliyojaa vijana wa bodaboda, miguu imefungwa vyuma vya nje ambavyo watu wanaviita antena, matokeo kama hayo yana uzito. Miezi sita kitandani kwa kijana anayelea wadogo zake ni msiba wa familia nzima.

Kisha likaja jaribio la pili, ambalo halikupigiwa tarumbeta kama la kwanza. Lilichapishwa mwaka 2011, wakiwamo wagonjwa 277 wa mivunjiko ya namna ileile. Safari hii wapasuaji walipekecha uwazi wa ndani ya mfupa kabla ya kupitisha chuma, ili chuma kinene kiingie na kukaza vizuri. Kufikia wiki ya 20, asilimia 68 ya waliowekewa protini walikuwa wamepona. Kwa wasiowekewa, asilimia 67. Tofauti ikawa haipo, na upande wa protini maambukizi yalionekana kuwa mengi zaidi: asilimia 19 kwa 11, ingawa wanatakwimu hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba tofauti hiyo haikutokana na bahati.

Ninaliona jaribio hilo kuwa kiini cha jambo zima. Kupekecha mfupa hubomoa uboho na kusaga chenga za mfupa, na mchanganyiko huo wa damu, uboho na chenga hubaki palepale kwenye ufa. Ni mbolea ya mwili wenyewe, kwa kiasi chake, mahali pake, na chuma kimekaza ili vipande visichezecheze. Kifaa cha kupekecha kwa mkono, bila hata umeme, ni sehemu ya vyuma vya SIGN, vilivyobuniwa na shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na Dakta Lewis Zirkle wa Richland, Marekani, kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ghali za picha. Vyuma hivyo vimetumika kwa miaka mingi katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali nyingine za Afrika Mashariki. Fundi hodari na chuma kizuri walikuwa wamelifanya jambo ambalo sifongo ya bei kubwa ilisifiwa kulifanya.

Lakini mwaka 2011 ulikuwa umechelewa. Infuse ilikuwa imeshatoka kwenye mipaka ya kibali chake. Wapasuaji waliitumia kiunoni kwa njia ya nyuma, waliitumia shingoni. Sheria ya Marekani humruhusu daktari kutumia kifaa kilichoidhinishwa kwa kazi nyingine kadiri aonavyo inafaa, na madaktari walikuwa na sababu ya kuwa na imani: kila walichosoma kiliwahakikishia usalama. Majaribio 13 yaliyodhaminiwa na kampuni yalikuwa yamechapishwa, yakihusu wagonjwa 780 waliowekewa protini hiyo. Idadi ya madhara yaliyohusishwa nayo katika makala zote hizo ilikuwa sifuri.

Hebu itafakari hesabu hiyo. Watu 780 wamepasuliwa uti wa mgongo na kuwekewa kichocheo chenye nguvu ya kuotesha mfupa popote, halafu hakuna hata mmoja aliyedhurika nacho. Panadoli yenyewe haina rekodi safi kiasi hicho. Mhariri mmoja angesimama na kuuliza, hadithi hii ingechukua njia nyingine. Hawakuuliza, na nadhani sababu kubwa ni ileile hoja ya asili. Kitu kilikuwa cha mwili, kwa hiyo usalama wake ulichukuliwa kuwa umeshathibitishwa na Mungu mwenyewe.

Aliyeuliza ni Dakta Eugene Carragee wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekuwa mhariri wa jarida la The Spine Journal. Juni 2011 yeye na wenzake walitoa toleo zima juu ya suala hili. Walizilinganisha makala zile 13 na taarifa zilizokuwa zimewasilishwa FDA pamoja na kumbukumbu nyingine. Walichokikuta ni kwamba madhara halisi yalikuwa kati ya asilimia 10 na 50 kutegemeana na njia ya upasuaji. Mifupa iliota ndani ya mfereji wa uti wa mgongo na kubana neva. Pingili ziliyeyuka kabla ya kujengeka, vizimba vikahama. Wanaume waliopasuliwa kupitia tumboni walipata tatizo la manii kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka, jambo linalowanyima uwezo wa kuzaa kwa njia ya kawaida. Kulikuwa pia na wasiwasi wa saratani kwa vipimo vikubwa. Mapema mwaka huohuo FDA ilikuwa imekataa kuidhinisha toleo jingine la dawa hiyo lililobeba miligramu 40.

Katikati ya miaka hiyo kulitokea tukio ambalo hunichoma kila nilikumbukapo, kwa sababu waliotumiwa ni majeruhi wa vita. Mwaka 2008 makala ilichapishwa katika jarida kubwa la mifupa la Uingereza, ikiripoti jinsi protini ile ilivyowasaidia wanajeshi wa Marekani waliovunjwa miundi na milipuko huko Iraki. Mwandishi wake mkuu alikuwa mpasuaji wa zamani wa jeshi na mshauri aliyelipwa na kampuni ya dawa. Mmoja wa waliotajwa kuwa waandishi wenza alipoiona makala, ilikuwa mara yake ya kwanza kuijua. Jeshi lilichunguza, likakuta saini za wenzake zimeghushiwa na takwimu hazilingani na kumbukumbu za hospitali. Mwaka 2009 jarida liliifuta makala hiyo. Lakini kuifuta makala hakumfikii daktari aliyekwisha kuisoma na kubadili namna anavyotibu.

Oktoba 2012 kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti yake. Kati ya mwaka 1996 na 2010, Medtronic ilikuwa imelipa takriban dola milioni 210 kwa madaktari walioandika makala kuhusu Infuse, kwa njia ya ada za ushauri, mirabaha na malipo mengine, na wafanyakazi wa kampuni walikuwa na mkono katika kuandika na kuhariri makala hizo. Kampuni ilikanusha kwamba ilikusudia kuficha chochote. Ilikuwa pia imeshakubali kuzikabidhi takwimu zote za wagonjwa kwa Chuo Kikuu cha Yale, na hilo tulitaje kwa sifa, maana kampuni nyingi hazijawahi kufanya hivyo. Timu mbili zisizojuana, moja ya Oregon na nyingine ya York, Uingereza, zilizipitia upya. Majibu yao yalitoka Juni 2013: kwa upasuaji wa uti wa mgongo, protini ile ghali haikumpa mgonjwa nafuu kubwa kuliko kipande cha mfupa wake mwenyewe kilichochukuliwa nyongani. Ilichukua miaka kumi na moja tangu kibali kutolewa kuujua ukweli huo, na wote waliotibiwa katikati walikuwa jaribio bila kuambiwa.

Sasa turudi kwetu, kwenye sindano ya damu. Plazima yenye chembe sahani nyingi hupatikana kwa kuchota damu ya mgonjwa na kuizungusha kwenye mashine ili tabaka zitengane. Ilianza kuwa na jina kubwa katika tiba ya mifupa mwaka 1998, Dakta Robert Marx na wenzake walipoichanganya na vipandikizi vya mfupa kwa wagonjwa 88 wenye mapengo ya taya. Tangu hapo imesambaa duniani kwa kasi iliyoupita ushahidi. Mwaka 2012 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walitafuta majaribio mazuri ya plazima hiyo kwa mifupa mirefu ya watu wazima. Walipata moja lililofaa, la watu 21. Kwa msingi huo hawakuweza kusema kama inasaidia au haisaidii. Mtu anayekutoza fedha nyingi kwa ajili ya muundi wako amesimama juu ya ardhi nyembamba namna hiyo.

Uboho una ushahidi wenye nguvu zaidi, na hapa nataka kuwa mwangalifu nisimkatishe tamaa mgonjwa anayeweza kusaidika. Mwaka 2005 Profesa Philippe Hernigou wa Ufaransa alichapisha habari za wagonjwa 60 ambao miundi yao ilikuwa imegoma kuunga. Aliwavuta uboho nyongani, akauchuja na kuuzidisha ukali, kisha akauchoma sindano kwenye pengo bila kupasua. Watu 53 wakaunga. Kilicho bora zaidi katika kazi yake ni kwamba hakuishia kusherehekea hao 53. Alizihesabu seli alizomchoma kila mmoja, akaona kuwa wale 7 walioshindwa walikuwa wamepata seli shina chache. Tiba ilikuwa ileile, sindano ileile, uboho wa mtu mwenyewe. Tofauti ilikuwa idadi. Na wagonjwa wake wote hawakuwa na usaha wala maambukizi kwenye mfupa, jambo ambalo wanaoisimulia tiba hiyo huliruka.

Kupata idadi hiyo ni kazi ya mkono wenye subira. Sindano nene huzungushwa mpaka ipenye ganda gumu la nyonga. Mvuto wa kwanza huleta uboho mwekundu mzito, wenye vitone vya mafuta vinavyong'aa ukiutandaza kwenye kioo. Ukiendelea kuvuta palepale, bomba linajaa haraka na kwa urahisi, lakini kinachoingia ni damu ya kawaida kutoka mishipa ya jirani. Mwaka 1997 Dakta George Muschler na wenzake wa Cleveland walilipima jambo hili na kushauri kwamba kwenye tundu moja usivute zaidi ya mililita 2. Uhamishe sindano, uvute tena kidogo, uhamishe tena. Anayetaka kumaliza haraka atapata bomba lililojaa na lisilo na kitu. Mgonjwa aliyelala kifudifudi hawezi kujua tofauti. Ataona wekundu tu, ataambiwa kazi imekwisha, na atasubiri miezi mitatu mfupa usiokuja.

Utafiti haujasimama. Mwaka 2024 timu ya Profesa Alvaro Mata wa Chuo Kikuu cha Nottingham ilionesha kwamba ukichanganya peptidi maalumu na damu nzima, inaganda kwa mpangilio unaofanana na bonge la asili la mfupa uliovunjika, ila lenye nguvu zaidi, nayo ikaziba mapengo ya mifupa kwa panya. Nimefurahishwa na njia yao kwa sababu wameanza kwa kuliheshimu bonge la damu kama lilivyo, bila kunyofoa kiungo kimoja na kukimwaga kwa wingi. Lakini ni panya. Atakayekuja kukuuzia tiba hiyo mwaka huu au ujao kwa ajili ya paja la mtoto wako anakuuzia kitu ambacho bado hakijafika.

Wakati tunasubiri, yapo ambayo mwili unayahitaji na hayauzwi kwa chupa. Vipande vya mfupa vitulizwe. Kukanda mvunjiko mbichi huvuruga bonge lile ambalo mfupa unalitegemea, na kuufunga kwa vijiti na kamba kukikaza sana huzuia damu mpaka mguu ukaoza. Jeraha la wazi lisafishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa penye usaha hakuna damu wala uboho utakaoota mfupa. Sigara iachwe, maana huchelewesha mfupa kuunga, na wavutaji wengi waliovunjika mguu hawajawahi kuambiwa. Kisukari kipimwe. Haya ni mambo ya kawaida mno kuandikiwa tangazo, na ndiyo yanayoamua mifupa mingi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mfupa wako au wa mtu wako umepita miezi sita haujaunga, na mtu amekushauri sindano ya damu au ya uboho, usikatae papo hapo wala usikubali papo hapo. Muulize kwanza kama amehakikisha hakuna maambukizi ndani ya mfupa, na kwa kipimo gani. Muulize kama chuma au hogo la plasta lililopo linautuliza mfupa vya kutosha. Muulize atavuta uboho kiasi gani kwenye kila tundu, nani atahesabu seli, na wangapi kati ya wagonjwa wake wa tatizo kama lako hawakupona. Muulize pia kama analipwa na anayeuza mashine. Akikujibu kwa idadi na kwa upole, una mtu wa kuzungumza naye. Akikujibu tu kwamba haina madhara kwa sababu ni damu yako mwenyewe, usilipe siku hiyo. Chukua picha zako zote za eksirei, tangu ya kwanza, uende ukaonane na daktari mwingine wa mifupa katika hospitali ya rufaa.